Kodi inayomfuata mtu: toka Mexico 1924 hadi parseli za Uvira

Katika familia nyingi za Uvira, Fizi na Bukavu kuna nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Aliondoka wakati wa vita, akaishi Nyarugusu ao Nakivale miaka mingi, kisha akapata ndege ya Marekani. Nyumba ilibaki. Leo kuna mpangaji ndani, mama ao mdogo wake anapokea pesa ya pango kila mwezi, na pesa hiyo inanunua unga na kulipa shule. Haivuki hata mpaka. Ndiyo maana watu hushangaa wakisikia kwamba serikali ya Marekani inataka itangaziwe pango la nyumba iliyoko Mulongwe.

Kiswahili chenyewe kinachanganya mambo, maana neno "kodi" ni la mpangaji na ni la serikali pia. Hapa pesa ya mpangaji itaitwa pango, na kodi itabaki ile ya serikali.

Wazazi wa zamani wa Kivu hawakuhitaji kufundishwa kwamba kodi inaweza kumfuata mtu badala ya mali. Kodi ya kichwa, iliyowekwa na Wabelgiji kwa sheria ya 1910, ilidai pesa kwa mwanaume mzima, awe na shamba kubwa ao asiwe na kitu. Wengi walikwenda migodini na kwenye mashamba ya wazungu ili waipate tu hiyo pesa. Marekani ilifika kwenye wazo linalofanana na hilo kwa njia yake.

Kodi ya kwanza ya mapato ya Marekani ilitungwa mwaka wa 1861, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Serikali ilikosa pesa za jeshi. Aliyekuwa nyumbani na mapato ya kupita dola 800 kwa mwaka alitozwa asilimia 3. Raia aliyekaa ng'ambo huku mali yake iko Marekani alitozwa 5. Kulikuwa na hasira ndani ya hesabu hiyo: wenzake wanakufa vitani, naye anakula mapato yake Paris. Mwaka wa 1864 sheria ikasonga mbele zaidi, ikagusa hata mapato ambayo raia aliyapata nje. Vita viliisha, kodi hiyo ikafa mwaka wa 1872, lakini wazo halikufa. Katiba ilipobadilishwa mwaka wa 1913 kuruhusu kodi ya mapato ya kudumu, sheria mpya ilimshika raia popote anapoishi.

Hapo ndipo anaingia Cook. Alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa, lakini makao yake ya kudumu yalikuwa mji wa Mexico, na mali iliyompa mapato ilikuwa hukohuko Mexico. Kwa Wamexico alikuwa mgeni mwenye mali. Serikali yake ya asili ikamdai kodi ya dola 1,193 na senti 38 kwa mapato hayo. Alilipa fungu la kwanza, dola 298 na senti 34, huku akipinga, kisha akamshitaki Tait, mkusanyaji wa kodi, ili arudishiwe pesa yake. Swali lake lingeeleweka na kila mtu wa Uvira: mimi siko kwenu, mali yangu haiko kwenu, mnanidai kwa nini?

Mahakama Kuu ya Marekani ilimjibu Mei 1924, na jibu likaandikwa na Jaji McKenna. Serikali, kwa maoni ya mahakama, inamfaidia raia na mali yake popote vilipo. Kwa hiyo haki ya kutoza haitegemei mali iko wapi wala mtu analala wapi. Inatokana na kuwa kwake raia. Cook alishindwa.

Hoja hiyo ina udhaifu wake. Mexico ilikuwa imetoka kwenye miaka kumi ya mapinduzi, na mtu angeweza kuuliza ulinzi wa Washington ulifika kiasi gani mlangoni pa Cook. Mtu aliyekimbia nyumba yake Kivu anajua ulinzi ulioandikwa kwenye karatasi una uzito gani. Hata hivyo hukumu ile haijafutwa hadi leo. Nchi nyingine karibu zote humwachilia raia aliyehama. Eritrea, inayotoza raia wake wa ng'ambo asilimia 2, ndiyo inayotajwa sana pamoja na Marekani.

Mkimbizi aliyepokelewa Marekani si raia siku ya kwanza. Lakini sheria ya kodi haimsubiri apate pasipoti. Mgeni anayehesabiwa kuwa mkaaji, mwenye kadi ya kijani ao aliyekaa siku za kutosha, hutangaza mapato yake ya dunia nzima kama raia. Pango la Mulongwe limo. Wengi huteleza hapo kwa sababu wanafikiri pesa isiyofika mkononi mwao Amerika si pato lao. Sheria haiangalii pesa ilipolala. Nyumba ikiwa ya kwake, na mama anapokea kwa niaba yake, pango ni la kwake, na kile mama anachokula ni zawadi aliyompa mama.

Kuna upande usiotisha. Nyumba yenyewe haitozwi kodi na Marekani. Kinachotangazwa ni pango, ao faida siku ikiuzwa. Garanti ambayo mpangaji atarudishiwa si pato. Mabati mapya, fundi wa choo na kodi ya parseli hupunguzwa kwenye hesabu. Na nyumba ya Goma ambayo mtu mwingine ameingia anakaa bila kulipa haina pango la kutangaza, kwa sababu hakuna kilichopokelewa.

Kulipa mara mbili nako kulipatiwa dawa zamani, mwaka wa 1918, kwa shauri la mwalimu wa uchumi Thomas Adams aliyeshauri wizara ya fedha. Kodi ya mapato iliyolipwa nchi nyingine hukatwa kwenye ile ya Marekani. Kwetu, sheria za Februari 1969 ziliweka kodi ya mapato ya pango, na Katiba ya 2006 ikaipeleka kwa majimbo. Basi aliyelipa jimboni anaweza kupunguziwa kule, mradi awe na ushahidi. Ugumu unaanzia kwenye huo ushahidi: pango letu mara nyingi hupita mkono kwa mkono, na risiti, kama ilikuwepo, iliungua ao ilibaki sandukuni siku ya kukimbia. Familia inayoandika malipo kwenye daftari na kupiga picha ya kila risiti inamwokoa ndugu aliye mbali kuliko inavyodhani.

Akaunti za benki zina sheria zake. Kwa msingi wa sheria ya 1970, mkaaji wa Marekani ambaye akaunti zake za nje zikijumlishwa zimepita dola 10,000, hata kwa siku moja ya mwaka, lazima aziripoti. Sheria ya 2010 ikaongeza kuzibana benki za dunia zitaje wateja wao Wamarekani, na faini za kunyamaza ni kali. Anayeomba uraia huulizwa pia kama aliwahi kuacha kutangaza kodi, kwa hiyo pango dogo lililofichwa linaweza kusimama kati ya mtu na pasipoti yake.

Pasipoti hiyo nayo ina bei upande wa pili. Katiba yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchangwi na mwingine, na sheria ya 2004 humwondolea uraia anayepata wa nchi nyingine. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 nayo iliweka haki ya kudumu ya parseli kwa mtu mwenye uraia wa Kongo peke yake. Mgeni hupewa haki ya muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kurudiwa. Sheria ile ilitoka mwaka uleule Mobutu alipotangaza, Novemba 30, kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazairwa, na iliwatazama Wagiriki, Wahindi na Wareno. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mgeni angekuwa mtoto wa Kavimvira aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Wengi wananyamaza, na ofisi ya ardhi haiulizi mpaka kuwe na kesi. Kesi za ndugu kwa ndugu ndizo zinazofungua maswali hayo.

Aliyepata pasipoti ya Marekani kisha akarudi kuishi Uvira anasimama kabisa mahali pa Cook. Kule fomu hutolewa kabla ya Aprili 15. Yeye anayeishi nje huongezewa hadi Juni 15, ingawa riba ya deni huanza kuhesabiwa tangu Aprili.