Ile Boti ya Mastaa Iliyozama Uganda 2018

Mdau, kabla hujalipia kiingilio cha boti pati wikiendi hii, soma hii kwanza.

Novemba 24, 2018, siku ya Jumamosi, mastaa na wenye pesa zao wa Kampala walipanda MV Templar kwenda kula bata Ziwa Victoria. Alikuwepo mwanamfalme wa Buganda, na mwanamuziki mmoja wa kike mwenye jina kubwa (hao wawili walipona, majina tuyaache). Muziki juu, pombe, watu kama 100 kwenye chombo kisicho na leseni. Na wengi hawakuvaa jaketi okozi. Si unajua, zinaharibu picha.

Jioni ikapinduka karibu na Mutima, Mukono. Nchi kavu haikuwa hata mbali. Walikufa zaidi ya 30, mwenye boti na mkewe wakiwemo.

Ila kinachoniuma mimi ni wavuvi. Walikimbilia kuokoa, watu kwa kupaniki wakaparamia mitumbwi yao kwa pamoja, nayo ikazama. Ndo maana mwokoaji anayejua kazi anakutupia kwanza kitu kinachoelea, hata dumu tupu, ukishikilie hukohuko majini, halafu anavuta mmoja mmoja. Na jaketi inavaliwa mkiwa bado ufukweni. Gizani, mtu kakukaba shingo, zile kamba utazifungaje?

Miezi miwili tu nyuma, ziwa hilohilo, upande wetu kule Ukara, MV Nyerere ilikuwa imeondoka na watu zaidi ya 200. Habari ilizunguka dunia nzima. Na bado watu wakapanda Templar.