Akidi

Akidi ni idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Isipotimia, mwenyekiti huahirisha. Tangu 1994 wanabiolojia wanaitumia dhana hiyo kwa bakteria pia. Vibrio fischeri, anayeishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii, hutoa kemikali ya jamii ya homoserini laktoni. Akiwa peke yake baharini, kemikali hiyo huchukuliwa na maji, naye hawaki. Wakisongamana katika kiungo maalumu cha ngisi, kemikali hulimbikizana, jeni za mwanga huamka, na wote huwaka kwa pamoja. Mwanga huo hukifuta kivuli cha ngisi usiku wa mbalamwezi, adui aliye chini asimwone. Alfajiri ngisi huwatema wengi wao, akidi huvunjika. Hapa hakuna karani wa kuhesabu vichwa: wingi hupimwa kwa kemikali tu.