Jina Lililofichika Kitabuni

Katika Ezra 2:62 twasoma juu ya makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani.

Mama mmoja, mchuma chai wa hapa Kericho, alinijia na shida kama hiyo. Jamaa walimwambia marehemu babaye, arap Ng'eno, hakuwa wa ukoo wao, basi hana haki shambani. Cheti cha kuzaliwa cha mzee hakikuwako. Sheria ya kuandikisha vizazi ni ya mwaka 1928, lakini ilichukua miaka mingi kuwafikia Waafrika wote.

Tukafungua kitabu cha ubatizo. Hapana arap Ng'eno! Nikataka kukifunga (sisi wachungaji tuna haraka mno). Kumbe mzee alibatizwa angali mtoto, na Mkipsigis haitwi arap mpaka atoke jandoni, ndipo achukue jina la babaye. Kabla ya hapo ana jina la kuzaliwa tu, kama Kiprono, aliyezaliwa mbuzi wakirudi zizini.

Basi tukaacha safu ya watoto, tukafuata safu ya wazazi. Baba: Kipng'eno. Mtoto: Yohana Kiprono.

Mama akaweka kidole pale. “Pasta, soma tena.”