Stevenage: Mji Uliozaliwa kwa Kuzomewa

Tarehe 6 Mei 1946 Lewis Silkin, waziri wa mipango miji wa Uingereza, aliingia kwenye ukumbi wa Stevenage na kuukuta umefurika. Kila alipofungua kinywa alizomewa. Wapo waliomwita dikteta, wapo waliopiga kelele za "Gestapo!" Akawajibu kwamba kuzomea hakutabadili kitu, mji utajengwa tu. Alipotoka alikuta matairi ya gari lake yametolewa upepo na tangi la petroli limetiwa mchanga.

Stevenage wakati huo ilikuwa na watu kama 6,000, kwenye barabara kuu ya kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kutoka London. Serikali ilitaka wafike 60,000, na mashamba yachukuliwe kwa lazima.

Kiini cha yote kilikuwa London. Mabomu ya Wajerumani yalikuwa yamebomoa mitaa mizima, na hata kabla ya vita familia nyingi zilikuwa zikibanana chumba kimoja au viwili. Mwaka 1944 Patrick Abercrombie alitoa mpango wa jiji na viunga vyake: London isiendelee kutambaa, izungushiwe ukanda wa kijani, na ng'ambo ya ukanda huo iwepo miji mipya yenye nyumba na ajira zake yenyewe. Mbegu ya wazo hilo ilipandwa mwaka 1898 na Ebenezer Howard, mwandishi wa hati mkato bungeni, ambaye miji yake ya bustani, Letchworth na Welwyn, ilikuwa jirani kabisa na Stevenage.

Sheria ya Miji Mipya ilipita Agosti 1946. Tarehe 11 Novemba Stevenage ikatangazwa kuwa ya kwanza. Wenyeji hawakunyamaza: kibao cha kituo cha reli kilibandikwa jina jipya, "Silkingrad". Mwandishi E. M. Forster, aliyekulia katika nyumba moja pembeni mwa mji, aliyalilia mashamba hayo katika redio ya BBC, huku akikiri kwamba rafiki zake wa London hawakuwa na pa kulala pa maana. Wenyeji walikwenda pia mahakamani, kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1947 waziri akashinda.

Familia za kwanza ziliingia kwenye nyumba mpya mwaka 1951. Ufunguo uliandamana na kazi: aliyeajiriwa kwenye viwanda vya mji, kama English Electric, ndiye aliyepangiwa nyumba. Mitaa sita ilipangwa, kila mmoja na shule na maduka yake. Mhandisi Eric Claxton, mpenda baiskeli, akachora njia za baiskeli pembeni mwa barabara kuu, zikipita chini ya makutano ili mwendeshaji asikutane na gari. Kazi ilikuwa safi, lakini hakuzingatia jambo moja: barabara za magari nazo zilikuwa pana na nyepesi kupitika, hivyo wengi walipopata gari waliiacha baiskeli nyumbani.

Mwaka 1954 wakazi walijaa tena mkutanoni. Safari hii waliokuja walikuwa wahamiaji wenyewe. Shirika la ujenzi wa mji lilikuwa likisitasita kuhusu katikati ya mji isiyoingia magari, kwa kuhofia kwamba wenye maduka wangeikwepa. Wakazi walitaka wao, watoto wao na vigari vya wachanga vipite bila bughudha, wakapiga kura kuunga mkono. Rotterdam, nayo iliyobomolewa kwa mabomu, ilikuwa imekwisha kufungua mtaa wake wa maduka wa Lijnbaan, na ikawa mfano wa kutazama.

Malkia Elizabeth alifika Aprili 1959 kuzindua katikati ya mji, ya kwanza Uingereza kujengwa tangu msingi kwa ajili ya waendao kwa miguu. Hapo ulisimamishwa mnara wa saa, wenye bwawa la maji chini yake. Leo Stevenage ina watu wanaokaribia 90,000, na ubavuni mwa mnara huo kuna sura ya shaba ya Lewis Silkin.