Hondohondo

hondohondo nm [a-/wa-] ndege mkubwa wa jamii ya Bucerotidae, mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambao kwa spishi nyingi hubeba nundu juu yake.

Sarufi. Umbo la nomino halibadiliki katika wingi. Upatanisho ndio unaobainisha idadi: *hondohondo ameruka, hondohondo wameruka*. Usiandike *hondohondo imeruka*.

Maelezo. Spishi inayofahamika sana katika misitu ya milima ya Tanzania, ikiwamo Usambara, ni hondohondo mashavu-fedha (*Bycanistes brevis*). Ni mweusi, mwenye tumbo na kiuno vyeupe, na manyoya ya mashavuni yana ncha za rangi ya fedha. Nundu ya dume ni kubwa kuliko ya jike. Chakula chake kikuu ni matunda, hasa ya mikuyu na miti mingine ya jamii hiyo, na mvumo wa mbawa zake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti mkubwa. Dume humeza udongo, kisha huutema ukiwa vidonge, na jike huutumia kuziba mlango hadi ubaki mwanya mwembamba. Kwa miezi kadhaa dume humlisha jike, na baadaye kinda pia, kupitia mwanya huo. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928, aliuchunguza uzazi huu pamoja na mkewe, Winifred. Kwa kuwa tundu la namna hiyo hupatikana katika miti mikubwa, kukatwa kwa miti hiyo humnyima ndege huyu mahali pa kuzalia hata kama matunda yangalipo.

Matumizi. Waandishi wengi husema hondohondo *hupanda* miti. Kitenzi hicho kina dhamira ndani yake: apandaye huchagua. Hondohondo humeza tunda na kuiangusha mbegu mbali na mti mama, bila kuchagua. Huko Amani amesambaza mbegu za miti ya asili, na pia za *Maesopsis eminii*, mti ulioletwa na watu mwanzoni mwa karne ya 20, ambao umeenea katika sehemu za msitu zilizokwisha kukatwa. Basi *hutawanya* au *husambaza mbegu* ndiyo kauli sahihi. *Hupanda* humsifu ndege kwa kazi ya bahati na kumficha mwanadamu aliyeuleta mti.

Tanbihi kwa wafasiri. Hondohondo si *tukani*. Tukani ni ndege wa Amerika ya tropiki, jamii ya Ramphastidae, aliye karibu kinasaba na vigong'ota. Wote wawili wana midomo mikubwa na hula matunda, lakini tukani hana nundu wala hazibi tundu lake kwa udongo. Matini inayohusu msitu wa Amazon haina hondohondo.

Mifano. *Hondohondo dume anamlisha jike kupitia mwanya. Mkuyu ulipoiva, hondohondo walikusanyika tangu alfajiri.*