Utando wa Dhahabu Juu ya Enzi ya Mwami

Kiingereza kina kitenzi kimoja, gild, chenye kazi mbili: kupaka kitu dhahabu, na kulivika jambo sura nzuri kuliko hali yake. Kwa Kiswahili, pete huchovywa, maneno hutiwa chumvi. Siri ya kazi zote mbili ni moja. Gramu moja tu ya dhahabu, ikifuliwa na fundi, huenea karibu mita moja ya mraba, lakini utando huo hauwezi kusimama wenyewe. Lazima ushike kitu kigumu. Historia ya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, kuanzia Muyama na Kasulu hadi Kibondo, inaonyesha kuwa madaraka nayo huchovywa vivyo hivyo.

Zamani mwami, mtawala wa jadi wa Waha, alikuwa na ng'ombe, ngoma na heshima, ila matambiko ya ardhi yalibaki kwa wateko, wazee wa koo za wenyeji. Enzi ilisimama juu ya maafikiano hayo. Waingereza walipopokea Kigoma kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, na hasa baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, walitafuta watawala wa jadi, wakawapa mshahara, hazina na mahakama. Kwa nje ulionekana utawala wa wenyeji wenyewe. Kwa ndani mwami alidaiwa kodi ya raia wake. Na kodi ilitaka fedha taslimu, ndiyo maana Waha wengi walifunga safari hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, wakawa manamba.

Atatokea wa kusema kwamba mahakama zile ziliamua kesi karibu na watu, na kwamba wapo wami waliowajali raia wao. Ni kweli, na ukweli huo ndio unaotia nguvu hoja yangu: utando ulishika kwa sababu chini yake palikuwa na heshima halisi. Dhuluma ilikuwa kuitwaa heshima ya watu na kufunika nayo mzigo wao. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu, na mshahara na mahakama vikaondoka kwa sheria kama vilivyokuja kwa sheria. Imani ya mkulima kwa mteko wake haikuwa imetolewa na serikali yoyote, kwa hiyo hapakuwa na sheria ya kuifuta.