Hama si hamia

Ukisikia jirani "amehama Bashay", mizigo imeshapakiwa. Ukisikia "amehamia Bashay", ndiyo kwanza anaishusha. Silabi moja imegeuza safari. Mwingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, akabadili kihusishi kinachofuata: "move from", "move to". Sisi kazi hiyo tunaifanyia ndani ya kitenzi, kwa kauli ya kutendea. Vivyo hivyo, aliyekimbia polisi anawakwepa. Aliyekimbilia polisi anatafuta msaada. Hata "go in" na "go out" kwetu ni ingia na toka, basi: mwelekeo umo ndani ya kitenzi chenyewe. Na tusiseme "amehamia kwenda Bashay". Hilo "kwenda" la nini, ilhali irabu i imeshamfikisha?